Herufi za Wazee Wetu kwenye Kioo



Wapo wazee wetu hapa Samail waliojifunza Unguja na Pemba kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kompyuta iliwakwamisha: kibodi ya kawaida ya Kiarabu haina kitufe cha پ, چ wala ڤ. Ukiandika "pata", husomeka "bata". (Wa kale nao waliandika ب kwa yote mawili, wakamwachia msomaji akili yake.) Na kitufe cha plastiki hakigeuki sura.

Kioo cha kugusa, alichokieleza Mwingereza E. A. Johnson mwaka 1965 kwa kazi ya kuongoza ndege, ni jambo jingine. Humo herufi ni picha tu. Programu huichora na kuifuta. Baada ya iPhone ya 2007, kioo hicho kimetufikia mikononi. Katika simu nyingi, ukishikilia ب kidogo hujitokeza پ. ج hutoa چ, na ف hutoa ڤ.

Lakini bibi hutumiwa sauti tu, kana kwamba hajui kuandika. Tumwekee kibodi hiyo, atuandikie. Mjukuu atakayemjibu amekwisha kuzijua herufi hizo chuoni; ngeni kwake ni tatu tu.