Nani Anamburudisha Aliyeko Jikoni?

Kila mwaka mwezi wa nne ukibisha hodi, nasikia kilio kile kile: "Mwaka huu Pasaka imeharibiwa na mvua." Eti imeharibiwa! Jamani, tuwe wakweli. Kwa kalenda ya makanisa mengi ya hapa kwetu, Jumapili ya Pasaka haiwezi kuja kabla ya tarehe 22 Machi wala kupita tarehe 25 Aprili. Masika ya huku Pwani huanza Machi na kumalizika Mei. Chukua penseli upige hesabu mwenyewe. Mwaka 2024 Pasaka iliangukia tarehe 31 Machi, mwaka 2025 ikaangukia tarehe 20 Aprili. Zote mbili ndani ya masika. Mvua haijaivamia Pasaka yetu, Pasaka ndiyo inayoikuta mvua nyumbani kwake. Mtu anayeshangaa kila mwaka kukutana na mgeni yule yule ni mtu asiyetaka kujiandaa.

Nawatoa kwanza kwenye ugomvi huu ndugu zetu wa mabondeni, ambao kwao masika ni kubeba godoro kichwani usiku wa manane. Wao wana haki ya kuilaani mvua. Ugomvi wangu ni na sisi ambao paa letu linavuja matone mawili matatu, tukaweka ndoo, mambo yakaisha. Tumepewa siku nne, Ijumaa Kuu mpaka Jumatatu. Ofisi zimefungwa, watoto hawaendi shule, na mapumziko hayo ni ya Mkristo pamoja na Mwislamu jirani yake. Njia ni matope matupu. Baba, mama, watoto, shangazi aliyekuja kusalimia na mjomba aliyekosa basi, wote wako chini ya bati moja. Siku kama hizo kwa mwaka ni chache mno. Tunazifanyia nini?

Nitakwambia tunazifanyia nini. Mzee amekalia kochi na rimoti. Vijana wa kiume, watu watatu mwavuli mmoja, wamekimbilia kibanda umiza kuangalia mpira. Wadogo wamegombania simu ya mama mpaka kifurushi kimekwisha. Jioni wanakutana wote kwenye tamthilia ya Kituruki iliyotiwa sauti za Kiswahili. Halafu tunasema familia imeburudika.

Familia gani? Hebu hesabu vichwa. Mama hayumo. Dada hayumo. Binti wa kazi ndiyo kabisa, hata hakuhesabiwa. Wako jikoni wanapigana na mkaa uliolowana. Mchele wa pilau una mawe, vitunguu saumu vinataka kumenywa, nazi inangoja mbuzi, na kila baada ya nusu saa sauti inatoka sebuleni: "Chai bado?" Kwa watu hawa Pasaka ya mvua ni siku nne za kazi maradufu, maana siku ya kawaida angalau walaji wanatawanyika. Hapo ndipo ninapokataa. Burudani ambayo nusu ya nyumba inailipia kwa jasho, na nusu nyingine inaila imekaa, isiitwe burudani ya familia. Iitwe starehe ya wenye kochi.

Najua nitaambiwa naichukia televisheni. La hasha. Huku Bara tumeipata juzi tu, vituo vya kwanza vilianza mwaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya sabini. Haijatukosea kitu. Ila ina sharti moja: inataka macho. Ukiikodolea huwezi kuchambua mchele, utawalisha watu mawe. Huwezi kukata vitunguu, utakata kidole. Kwa hiyo mwenye kazi mkononi imeshamfukuza tangu mwanzo.

Hadithi haina sharti hilo. Inataka mdomo na masikio, mikono inabaki huru. Ndiyo maana bibi zetu walisimulia huku wanasuka ukili, wanabangua korosho, wanapukuchua mahindi. Kazi na hadithi vilikwenda pamoja kama uji na sukari. Redio nayo ililijua jambo hili: kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam kilimfikia mtoto na kumfikia mpishi bila kumwambia yeyote aache sufuria.

Basi pendekezo langu ni hili, wala halina gharama. Ungo uhamie sebuleni. Jiko la mkaa libaki huko huko nje, barazani, maana hewa yake ndani ya chumba kilichofungwa inaua. Lakini mchele, njegere, vitunguu saumu na nazi vije mkekani, na kila mwenye mikono achukue fungu lake, baba akiwemo. Mwanamume hakatiki vidole kwa kumenya kitunguu saumu, bwana! Mikono ikishaanza, mmoja aseme "Kitendawili!" na nyumba nzima iitike "Tega!" Anayeshindwa atoe mji, na juu ya mji akune nazi inayofuata. Utaona mtoto wa miaka sita anavyomtoza babu yake mji bila huruma. Kazi iliyowachosha watu wawili asubuhi nzima, watu wanane wataimaliza mara moja. Hapo ndipo bao litolewe, mashimo yake 32 na kete zake 64, na safari hii mama akae acheze, sio kupitisha chai. Drafti ya vizibo vya soda ipo. Mdako upo. Nani kasema hakuna cha kufanya?

Mwingine atanijibu: "Wewe kijana, hadithi za sungura na fisi ni za shamba. Sisi watu wa mjini, bibi yuko mkoani, nani atasimulia?" Mzee wangu, shikamoo. Nakuuliza kwa heshima: wewe mjini ulifikaje? Ulipanda basi gani, ulilala kwa nani usiku wa kwanza, nani alikutapeli, mama ulimpatia wapi? Mwanao anawajua wahusika wote wa tamthilia, na nani kamsaliti nani kule Istanbul. Muulize jina la baba wa babu yake. Kimya. Huo ndio msiba ninaousema. Hadithi isiyosimuliwa huzikwa na mwenyewe, na hakuna kituo kitakachoirudia kesho yake mchana kwa waliokosa.

Na ninyi wenzangu wa kalamu msijifiche nyuma ya mlango. Tunalalamika kila siku: wachapishaji hawatutaki, watu hawasomi. Mimi niliyeishia kidato cha nne, na riwaya yangu iko kwenye madaftari matatu, lalamiko hilo nalijua vizuri. Lakini Pasaka inatuletea wasikilizaji wanane ambao hawana pa kukimbilia. Soma sura yako kwa sauti! Mama akisimamisha ungo akauliza "Ikawaje?", una riwaya. Akikwambia "Mwanangu, hebu kaangalie maharage", una kazi ya kurekebisha. Mhariri gani atakupa jibu la kweli upesi namna hiyo?

Kama yako haijaiva, azima Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha Muhammed Said Abdulla kilichotoka mwaka 1960. Kuna maiti, kuna Bwana Msa na kiko chake. Kigawe kwa siku nne, kila mtu asome ukurasa wake, hata yule anayejikwaa kwenye maneno marefu. Jumamosi usiku watu watakwenda kulala wanabishana muuaji ni nani. Tunawatafuta wasomaji madukani, kumbe hutengenezwa nyumbani, mtoto anapomsikia mtu anayempenda akisoma.

Mtaniambia mvua ikizidi juu ya bati hakuna anayemsikia mwenzake. Basi sogeleaneni. Hiyo ni faida, sio hasara.

Masika yajayo tarehe zake zinajulikana. Nunueni mkaa mapema, ufunikeni usilowane, tafuteni mkeka mkubwa. Na kabla ya kutega kitendawili cha kwanza, chungulieni jikoni. Kama kuna mtu kabaki huko peke yake, hamjaanza.