Neno la Mhariri: Waonekane kwa Kazi Yao

Wanawake wenye ulemavu wamezoea kupigwa picha za aina mbili. Katika ya kwanza, mwanamke ameketi chini na kamera inamtazama kutoka juu, ili mfadhili aingiwe na huruma na kutoa mchango. Katika ya pili anatukuzwa kama shujaa kwa kufanya mambo ya kila siku tu: kwenda kazini, kulea watoto, kusoma. Stella Young, mwandishi wa habari wa Australia aliyefariki mwaka 2014 na ambaye mwenyewe alitumia kiti cha magurudumu, aliipinga waziwazi hii ya pili. Hoja yake ilikuwa kwamba picha hizo huwatumia watu wenye ulemavu ili wengine wajisikie vizuri.

Toleo hili linatetea picha ya aina ya tatu: ile inayomwonyesha mwanamke kwa heshima, akiwa na jina na kazi yake. Mjini Eugene, jimbo la Oregon, Marekani, shirika la Mobility International USA limekuwa likiwakutanisha wanawake viongozi wenye ulemavu kutoka nchi mbalimbali tangu mwaka 1997. Baadhi yao walipigwa picha na mpiga picha Brian Lanker, mshindi wa Tuzo ya Pulitzer ya mwaka 1973. Huyu ndiye aliyetoa kitabu *I Dream a World*, chenye picha za wanawake Weusi 75 wa Marekani, kila mmoja na maelezo yake kwa kinywa chake. Mtu anayepigwa picha kwa heshima hupewa pia nafasi ya kusema.

Heshima hiyo huanza kabla ya kamera kufunguliwa. Mhusika huchagua nguo na mahali, na huamua kama fimbo yake nyeupe ionekane. Kiziwi huwekewa mkalimani wa lugha ya alama. Aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu, mpiga picha hushuka hadi usawa wa macho yake. Na chini ya picha huandikwa jina lake na kazi anayoifanya.

Tanzania tumeiona nguvu ya picha ya namna hii. Mwaka 2008, wakati habari za mauaji ya watu wenye ualbino zikitisha nchi, Al-Shaymaa Kwegyir, mwanamke mwenye ualbino, aliteuliwa kuwa mbunge. Sura yake bungeni iliwaonyesha wananchi mtunga sheria, mahali ambapo habari nyingi zilikuwa zikiwaonyesha maiti na majeruhi.

Tena, kuhimiza picha za namna hii ni wajibu wa kisheria wa serikali. Ibara ya 8 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006 inazitaka serikali zivihimize vyombo vya habari kuwaonyesha watu hawa kwa namna inayolinda haki zao. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009.

Wahariri wenzetu, nanyi mnaochangisha fedha: kabla ya kuchapa, mwonyesheni mhusika picha yake, na asiyeona asimuliwe ilivyo. Kama mwenyewe asingekubali itundikwe sebuleni kwake, msiichape.