Mijadala ya mtandaoni vyuoni iruhusiwe kwa Kiswahili

Katika kozi nyingi zinazofundishwa kwa njia ya mtandao vyuoni Tanzania, mjadala wa darasa una maksi zake. Mhadhiri huweka swali, wanafunzi hupewa siku kadhaa za kuandika, kisha kila mmoja hutakiwa kujibu mchango wa mwenzake. Kinachoandikwa hufanana kuanzia juu hadi chini: aya fupi ya Kiingereza iliyotolewa kwenye moduli, na jibu kwamba mwenzangu ameeleza vizuri, nakubaliana naye kabisa. Michango humiminika saa chache kabla ya mfumo kufungwa, halafu kimya. Wakati huohuo, kwenye kundi la WhatsApp la darasa lilelile, ambako mhadhiri hayumo, swali hilohilo linachambuliwa kwa Kiswahili hadi usiku wa manane. Mmoja anabisha, mwingine anatoa mfano wa wilayani kwake, wa tatu anatuma picha ya kifungu cha sheria alichokipigia mstari. Darasa lipo na linajadili, ila linajadili mahali ambapo mwalimu hawezi kulisahihisha wala kulipa maksi. Ni wakati wa vyuo kuruhusu, bila kificho, mjadala wa maandishi ufanyike kwa Kiswahili, hata pale ambapo mtihani utabaki kuwa wa Kiingereza.

Kujadiliana kwa maandishi ni kazi ngumu kwa mwanafunzi yeyote, popote alipo. Mwaka 2001, Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer wa Kanada walichapisha uchambuzi wa mijadala ya mtandaoni ya wanafunzi wa chuo kikuu, wakiipima kwa hatua: kuibua swali, kukusanya mawazo, kuyaunganisha, na kufikia suluhisho. Sehemu kubwa ya michango iliishia kwenye kukusanya mawazo. Iliyofika kwenye suluhisho ilikuwa kama asilimia 4 tu. Hiyo ni nchi ambako Kiingereza ni lugha ya nyumbani kwa wengi. Hapa kwetu mwanafunzi anapanda mlima uleule akiwa amebeba mzigo wa pili, na mzigo huo unafahamika siku nyingi. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walibaini kuwa Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari nchini hakikutosha kusomea masomo mengine, ingawa wao wenyewe walipendekeza kiendelee kutumika. Tangu mwaka 2002, mradi wa utafiti wa LOITASA, kuhusu lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, uliowashirikisha akina Birgit Brock-Utne na Martha Qorro, ulilinganisha madarasa ya Kiswahili na ya Kiingereza na kuonesha jambo ambalo kila mwalimu analijua: darasa la Kiswahili huuliza na kubishana, la Kiingereza hukaa kimya. Mtandaoni ukimya huo hauonekani kwa sababu umefunikwa na aya za kunakili.

Chukua swali la kawaida katika kozi ya sheria: je, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamlinda mwanakijiji dhidi ya ugawaji holela? Wanafunzi wa elimu ya masafa wengi ni watu wazima walio kazini. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilikusudiwa kuwafikia watu wa namna hiyo. Miongoni mwao anaweza kuwamo mtendaji wa kijiji anayejua kwamba halmashauri ya kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia, na anayejua pia jinsi muhtasari wa mkutano unavyoweza kuandikwa wakati mkutano wenyewe haukufanyika. Ujuzi huo ni dhahabu kwa darasa. Kwa Kiswahili atauandika kwa aya tatu zilizonyooka, na wenzake watamuuliza maswali. Kwa Kiingereza ataandika kwamba sheria ina nguvu na udhaifu wake, kisha atapewa maksi zilezile za kila mtu. Isitoshe, marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yamekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zetu, Kiingereza kikibaki kwa mazingira maalumu. Mwanasheria tunayemzuia kujenga hoja kwa Kiswahili chuoni tunamtarajia aijenge mbele ya hakimu.

Wanaopinga wana hoja nzito, na ya kwanza ni mtihani. Ikiwa mwanafunzi ataulizwa kwa Kiingereza, atakizoea wapi? Akizoee kwenye insha na kazi za muhula, ambako anasahihishwa sentensi kwa sentensi. Mjadala una kazi nyingine, nayo ni kupima wazo kabla halijakomaa, na mtu anayetafuta neno hawezi kwa wakati huohuo kutafuta kasoro katika hoja ya mwenzake. Kikundi kinaweza kubishana kwa Kiswahili, kisha kikaandika hitimisho lake kwa Kiingereza; hapo lugha zote mbili zinafanya kazi. Hoja kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha ina uzito mdogo zaidi, kwa kuwa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) lipo tangu 1967, na neno likikosekana mwanafunzi atachanganya kama wanavyochanganya wahadhiri wenyewe. Wanafunzi wasiojua Kiswahili ndio ugumu wa kweli. Darasa lenye mwanafunzi kutoka Malawi au Sudan Kusini haliwezi kumwacha nje, na hapo kila mmoja aandike kwa lugha anayoimudu huku mhadhiri akifupisha kwa lugha zote mbili. Ni kazi ya ziada, sikatai, lakini madarasa ya aina hiyo yasiwe sababu ya kuyafunga yale ambayo kila mtu anakijua Kiswahili.

Hakuna haja ya kungoja sera mpya ya taifa. Idara moja ya sheria au ya sosholojia ichague kozi ya mwaka wa kwanza, ijadili nusu ya maswali ya muhula kwa Kiswahili na nusu kwa Kiingereza, na mhadhiri naye ajibu kwa lugha ya swali. Maksi zitolewe kwa mchango unaoitaja hoja ya mwenzake na kuipinga, kuirekebisha au kuiongezea mfano, badala ya kuhesabu idadi ya michango. Mfumo unahifadhi kila kilichoandikwa, kwa hiyo mwisho wa muhula seneti ya chuo isome kurasa za pande zote mbili ndipo iamue.