Biomedikali Si Udaktari, Wazazi wa Awendo

Niiteni aliyeshindwa na chuo, sawa tu. Nilisoma sayansi ya biomedikali miaka miwili, karo ikilipwa na pesa ya miwa, na hapa mtaani mamangu alishaanza kuitwa Mama Daktari. Daktari gani? Hiyo digrii haikupi ruhusa ya kutibu hata homa. Kupima damu hospitalini nako lazima usajiliwe na KMLTTB, bodi iliyoundwa na sheria ya 1999, na inaangalia kama kozi yako imeidhinishwa. Chuo changu kilituambia lini? Baada ya kulipa! Ndiyo, utafiti upo, KEMRI wako hapo Kisian. Lakini wewe unayejaza KUCCPS sai, ushauliza bodi ama umependa jina tu?