Nani alikushikia nafasi kambini?



Injili ya leo, Jumapili ya 22 ya Mwaka C (Lk 14:1, 7-14), inatukuta mezani. Yesu amealikwa chakula siku ya Sabato nyumbani kwa kiongozi wa Mafarisayo, na anawatazama wageni wenzake wanavyokimbilia nafasi za mbele. Wengi wetu tukiisikia tunafikiria arusi, meza kuu, na yule shangazi aliyekaa pasipo pake mpaka mshereheshaji akaja kumwinua mbele za watu. Mimi kwa miaka kadhaa sasa sifikirii arusi. Nafikiria kambi ya Barafu, mlimani Kilimanjaro, mwezi kama huu wa Agosti, wageni wakiwa wengi.

Kwa wasiofika huko, nieleze kidogo. Anayepanda kwa njia ya Machame au Lemosho halali kwenye vibanda, kama wale wa njia ya Marangu wanaolala Mandara, Horombo na Kibo. Analala kwenye hema. Ada ya kambi imeshalipwa, jina lake ataliandika kwenye daftari la askari wa hifadhi, lakini hakuna anayempimia kiwanja. Aliyewahi ndiye aliyepata. Njia hizo huungana, na kuanzia Barranco watu wote hao wanalala kambi zilezile mpaka wafike Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu. Barafu ni mgongo wa mawe. Mahali tambarare ni pa kutafuta. Maji hakuna, yanabebwa kutoka bonde la Karanga. Na hapo ndipo mtu anapotakiwa kulala saa chache tu kabla ya kuamshwa usiku wa manane aelekee kilele cha Uhuru, mita 5,895. Ukikosa usingizi Barafu, kilele unaweza kukikosa pia. Ndiyo maana kipande cha ardhi iliyonyooka, urefu wa mtu mmoja, kina thamani kubwa kule.

Nilipanda na marafiki watano wa parokia yetu kutoka Ujerumani. Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, magoti bado yananitii. (Nikisoma falsafa Seminari Kuu ya Kibosho niliuona mlima ule asubuhi baada ya asubuhi, nikajiahidi kuupanda. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kutimiza, jambo ambalo wanaonifahamu halitawashangaza.) Tuliingia Barafu saa tisa alasiri, polepole kama tulivyofundishwa. Kambi ilikuwa imejaa. Kamba za mahema zilikuwa zimepishana mpaka unatembea kwa kuruka. Mahema yetu yalikuwa yamekwisha kusimama mahali pazuri kuliko pote, nyuma ya mwamba unaokinga upepo, chini pamenyooka kama sakafu. Viti vya kukunja tayari. Chai tayari, na bisi kwenye bakuli. Nikamwambia mwenzangu mmoja kwamba Mungu ametupendelea.

Sikumaliza bisi zangu. Hatua chache tu kutoka pale vijana wawili walikuwa wameshikana mashati. Mmoja alikuwa mpagazi wetu, wa pili wa msafara mwingine. Huyu wa pili alidai aliweka mfuko wake pale mapema, akarudi njiani kumpokea mwenzake aliyelemewa na mzigo, na aliporudi akakuta mfuko umesogezwa na hema letu limesimama. Wetu alijibu kwamba mfuko haulali. Wakubwa wao wakawaachanisha, na yule aliyeshindwa akaenda kusimamisha hema ukingoni, kwenye mteremko. Baadaye niliwaona wageni wake, mzee na mkewe, wamesimama mbele ya hema lile wakilitazama bila kusema neno.

Kijana wetu aliponiletea maji ya kunawa tukasalimiana. Kumbe ni mtoto wa Kibosho, aliwahi kuwa mtumishi wa altare. Nikamuuliza aliwezaje kuwahi vile. Akasema alitoka Karanga kabla hakujapambazuka, mzigo kichwani, bila chai, kwa sababu aliambiwa wageni wa padri wasilale vibaya.

"Na wewe unalala wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. "Kule chini, Padri. Kuna mteremko kidogo. Tukilala tunateleza, asubuhi tunajikuta wote mlangoni." Akacheka. Kisha akaniambia kwamba wenzake wengine watalala kwenye hema la kulia chakula, sisi tukishamaliza. Mpendwa msomaji, jioni mbili zilizotangulia tulikuwa tumekaa kwenye hema hilo mpaka usiku tukipiga hadithi, na watu waliobeba mizigo yetu kutwa nzima walikuwa nje kwenye baridi wakisubiri tuondoke kitandani kwao.

Vijana wale wawili walitaka kupigana kwa ajili ya mahali ambapo hakuna hata mmoja wao angelala. Sijawahi kuona maelezo ya Injili hii yaliyo wazi kuliko hayo. Sisi wageni hatukugombea nafasi ya mbele, tulikuwa wapole kabisa, tunapishana njiani kwa tabasamu na kusalimiana kwa lugha nne. Tulikuwa na watu wa kutugombea.

Nilimwita kiongozi wa msafara nikamwambia nataka kubadilishana na vijana, hema langu lishushwe, lao lipandishwe. Alinitazama kwa huruma. "Padri, ukihama wewe, safari ijayo mimi na huyu kijana hatuna kazi." Akanifafanulia: mgeni akilala vibaya, ofisini wanauliza nani alichelewa kuwahi kambi. Bakshishi nayo inapungua, na kwa mpagazi bakshishi si ziada, ndiyo ada ya shule ya mtoto. Basi nikabaki. Na niseme ukweli, nililala vizuri.

Kwa miaka mingi nilihubiri Injili hii kana kwamba inaishia kwa mgeni: usijikweze, kaa nyuma, utaitwa mbele. Walimu wangu wa Maandiko walitueleza kwamba neno la Kigiriki analotumia Luka, protoklisia, ni nafasi ya kwanza ya kuegemea, maana watu wa karamu zile walikula wakiwa wameegemea, na ukaribu na mwenyeji ulionyesha cheo. Nililikumbuka neno, nikasahau aya zinazofuata. Kuanzia aya ya 12 Yesu anaacha kusema na wageni, anamgeukia mwenye karamu. Anamwambia asiwaalike matajiri watakaomlipa, bali maskini, vilema, viwete na vipofu. Mgeni anaweza kuchagua kiti. Orodha ya walioalikwa ni ya mwenye karamu. Pale Barafu nilitaka kuwa mnyenyekevu saa kumi jioni, kwenye mambo yaliyokwisha kuamuliwa Moshi mjini, ofisini, kabla hatujafika getini. Unyenyekevu wangu ungelipwa na kijana yule.

Najua hoja za upande wa pili, nimezisikia hata sakristia. Mgeni ndiye aliyelipa, tena amelipa fedha nyingi. Wapagazi wamezoea, si wenyewe wanajiita wagumu? Na bila wageni hakuna kazi. Yote hayo yana ukweli ndani yake, na sitaki msomaji afikiri wamiliki wa kampuni za utalii ni watu wabaya. Ninao marafiki kati yao, na wapo wanaowapa wapagazi mahema yao na magodoro, tena wanahakikisha hawalali njaa. Lakini hiyo inathibitisha kwamba inawezekana. Hifadhi imeweka kikomo cha mzigo wa mpagazi, kilo 20, na mizani ipo getini. Kama tumeweza kuupima mzigo, hatushindwi kuuliza kuhusu usingizi wa aliyeubeba.

Somo la pili la leo, Waebrania 12, linasema juu ya mlima pia, mlima Sayuni, na kusanyiko la walioandikwa mbinguni. Nikilisoma naona daftari la askari wa hifadhi pale kambini, ambamo wageni tunaandika majina, umri na kazi zetu. Jina la kijana wa Kibosho halikuwa kwenye ukurasa wetu.

Basi nawaomba ninyi ninaokutana nanyi kila Jumapili kwenye ukurasa huu. Wapo kati yenu wenye kampuni, wapo wapishi na waongozaji, wapo akina mama ambao watoto wao wako mlimani leo hii na hawatasali Misa. Wapo pia, tena wanaongezeka, Watanzania wanaopanda wenyewe mwezi Desemba kuadhimisha Uhuru. Kabla hujalipa, uliza: wapagazi wana hema lao, au wanalala hema la chakula? Hema lao husimamishwa lini, baada ya yote au pamoja na ya wageni? Kijana anayetangulizwa kushika nafasi anakunywa chai kwanza? Uliza ukiwa bado na fedha mkononi, ndipo unapojibiwa. Na ukiwa mlimani, ukishakula, toka hemani mapema.

Mimi nimealikwa kupanda tena Desemba hii na vijana wa parokia, ingawa magoti sasa yana maoni yake. Nilipompigia simu mwenye kampuni, tukakubaliana bei, tarehe na njia bila shida. Nikamuuliza wapagazi wetu watalala wapi tukifika Barafu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema ataulizia halafu atanipigia. Leo ni siku ya tisa, bado naisubiri simu yake.