ARDHI HAITUNZWI KWA AMRI PEKE YAKE



Barua nyingi zapita mikononi mwa makarani kila mwezi, zihusuzo misitu, vyanzo vya maji, mioto ya nyikani na kilimo cha miteremkoni. Hupokewa, hutiwa katika jalada, kisha tangazo hupelekwa kijijini likabandikwe ubaoni. Wako wadhanio kwamba tangazo likishabandikwa, watu wamekwisha kuelimishwa. Dhana hiyo ni ya hatari, nayo nchi yetu imepata kuilipia kwa damu.

Na tukumbuke mambo ya milima ya Uluguru. Katika miaka ya mwisho ya 1940 wakubwa wa serikali ya kikoloni waliona kwamba udongo wa milima ile wachukuliwa na mvua na kuingia mitoni. Hofu yao haikuwa ya bure, maana maji ya mto Ruvu yatoka huko, na mji wa Dar es Salaam wayategemea. Basi wakaanzisha mpango wa kuhifadhi ardhi, na wenyeji wakaamriwa kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, asiyechimba alishtakiwa.

Lakini udongo mzuri wa milima ile ni mwembamba. Matuta yalipochimbwa, udongo usio na rutuba uliokuwa chini ulikuja juu, na mahindi hayakustawi. Kazi yenyewe ilikuwa nzito, na watu walihofu kwamba mwisho wake ni kunyang'anywa ardhi. Hayo waliyasema, wala hawakusikilizwa. Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kwa hasira, polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa. Na tufahamu jambo hili: waliopeleka amri ile vijijini walikuwa majumbe na mabwana shamba Waafrika, na lawama iliwashukia wao kwanza.

Sasa na tutazame upande wa Usukumani. Shinyanga ilikuwa nchi ya miti. Tangu miaka ya 1920 misitu mingi ilifyekwa kwa mashauri ya serikali ili kuwafukuza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakaongezeka, na ng'ombe pia. Hata kufika miaka ya 1980 watu waliiita nchi ile jangwa, na kuni zilitafutwa mbali sana.

Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Hapo mwanzo kazi ilikuwa kuotesha miche katika vitalu na kuigawa. Lakini watumishi wa mpango ule walikaa na wenyeji na kuwauliza, wakakuta kwamba Wasukuma wana desturi yao ya kale iitwayo ngitili. Ngitili ni eneo la malisho lifungwalo mvua zinapoanza, nyasi zikue, kisha hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kikali, ili ndama na maksai wasife kwa njaa. Desturi hiyo ilikuwa imefifia, hasa watu walipohamishiwa katika vijiji vipya katika miaka ya 1970 na kuyaacha maeneo yao.

Basi mafundisho yakajengwa juu ya jambo ambalo watu walilijua. Wanakijiji walichagua wenyewe mahali pa kufunga. Sheria ndogo zilitungwa katika mikutano yao. Na aliyevunja alihukumiwa na wenzake. Visiki vilivyokuwa ardhini vikachipua bila kupandwa. Mwaka 1986 ngitili zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Watu walipata malisho, kuni, nyasi za kuezekea, dawa na asali. Mwaka 2002 mpango ule ulitunukiwa tuzo ya kimataifa, na mwaka 2004 ulikwisha. Hatusemi kwamba kila jambo lilikuwa sawa, maana mwenye ardhi kubwa alipata ngitili kubwa, na maskini akapata kidogo. Walakini miti ilirudi, wala hapakuwa na risasi.

Tofauti ya habari hizi mbili si kwamba Waluguru ni wakaidi na Wasukuma ni watiifu. Milimani watu waliambiwa la kufanya kabla ya kuulizwa wanalolijua, Shinyanga waliulizwa. Elimu ya kweli ina njia mbili: mwalimu hufundisha, naye hufundishwa.

Yatupasaje sisi basi? Kwanza, karani apelekaye tangazo la kuhifadhi msitu au chanzo cha maji asiridhike na kulibandika. Na aombe lisomwe mkutanoni kwa Kiswahili chepesi, pamoja na sababu zake. Pili, maswali na malalamiko ya watu yaandikwe jinsi yalivyosemwa, yapelekwe juu, hata kama yatamchukiza mkubwa. Laiti maneno ya wakulima wa Uluguru yangalipokewa na kufikiriwa, huenda msiba wa Matombo usingalitokea. Tatu, kila tawi la chama lijifunze desturi za mahali pake: misitu ya matambiko, chemchemi zilizokatazwa, malisho yafungwayo. Mara nyingi hifadhi ipo tayari, ila haijaandikwa katika jalada lolote.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ardhi yetu waonekana katika kila korongo. Nasi tulio kati ya ofisi na kijiji tuna wajibu wa kuhakikisha kwamba anayeamriwa kuuziba amepata kwanza kuulizwa ulianzia wapi.

Mhariri