Kompyuta ya Mwanafunzi na Siri ya Mgonjwa

Kila mwaka wa masomo unapokaribia, wazazi wengi hujinyima ili kumnunulia kompyuta mpakato kijana anayejiunga na chuo cha afya. Dukani huuliza bei, ukubwa wa kioo na jina la kampuni. Kwa maoni yangu, swali la kwanza lingekuwa hili: je, mashine hii bado inapokea masasisho ya usalama?

Mwanafunzi huyo atafika wodini, na ripoti zake za mazoezi zitabeba historia za wagonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, huzihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kompyuta isiyosasishwa ni kabati la mafaili lenye kitasa kibovu.

Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya 2018 hazikidhi masharti rasmi ya Windows 11.

Sisemi mtumba usinunuliwe. Wenye uwezo wa kununua mpya ni wachache. Nasema muuzaji aiwashe mashine, aoneshe toleo la mfumo wake, kumbukumbu isiyopungua GB 8 na diski ya SSD. Kisha kijana aweke nywila, aisimbe diski, wala asiandike jina la mgonjwa katika kazi zake. Mgonjwa hutueleza maradhi yake kwa kutuamini. Hajui maelezo hayo yatahifadhiwa wapi. Kujua ni wajibu wetu.